Kwa Walezi Wapya wa Vikundi vya Michezo ya Kompyuta

Ninyi mnaoanza kulea vikundi vya watoto katika vyumba vya kompyuta huku Mombasa, kwenye mitaa ya Kisauni, Likoni na Majengo, nawaomba kwanza muwaketishe watoto wawili au watatu kwa kila mashine, hata pale mashine zinapokuwa za kutosha. Mtoto aliye peke yake hujifunza kuushinda mchezo tu, lakini wanaogawana kipanya kimoja hulazimika kuombana zamu, kukosana na kupatana, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Majuma ya mwanzo msitumie michezo ya mpira iliyozoeleka vibandani mitaani, kwa sababu anayeijua humfunga asiyeijua mpaka mnyonge akaondoka. Chagueni mchezo usioendeka bila msaada wa mwenzako. Overcooked, uliotoka mwaka 2016, huwaweka hadi wachezaji wanne katika jiko moja: huyu akate mboga, yule aangalie sufuria, mwingine aoshe sahani, na muda unayoyoma. Wasiposemezana, chakula huungua. Mtasikia amri na lawama mapema sana, nanyi msiingilie. Raundi ikiisha, simamisheni mchezo na mwulizeni kila mmoja alitaka mwenzake afanye nini, na alimwambia kwa maneno gani. Hapo ndipo kazi yetu hasa ilipo, kwa kuwa mtoto hugundua mwenyewe kwamba alipiga kelele za "Haraka!" bila kutaja la kuharakishwa. Warudisheni jiko lile lile mara moja, kabla hawajasahau, mkasikilize kama usemi wao umebadilika.

Keep Talking and Nobody Explodes, wa mwaka 2015, hufunza kueleza na kusikiliza vizuri mno, maana mchezaji mmoja tu ndiye aonaye skrini na wenzake wana kitabu cha maelekezo. Hata hivyo unahusu kutegua bomu, na katika mji wetu ni lazima wazazi waelezwe mapema na wakikataa waheshimiwe. Zoezi la namna hiyo hupatikana pia kwa Minecraft, mchezo wa kujenga vitu kwa matofali ya kwenye skrini: mpeni mtoto mmoja mchoro wa nyumba, aipe skrini mgongo, amwelekeze mwenzake kuijenga kwa maneno matupu.

Kuhusu watoto wakimya na wenye usonji (autism), msiwalazimishe kutazamana macho wala kujitambulisha mbele ya kundi. Mwaka 2013 Stuart Duncan, baba wa Kanada mwenye mtoto aliye na usonji, alianzisha Autcraft, seva ya Minecraft, yaani uwanja wa kuchezea pamoja mtandaoni, ya watoto wa aina hiyo na jamaa zao, ili wacheze bila kuonewa. Nasi tuwape jukumu linaloeleweka, kama kutunza vifaa vya ujenzi, ili wenzao wawe na sababu ya kuwaendea na kuwaomba.

Wasichana nao huachwa nyuma wakitazama, hasa kundi likiwa na kaka zao. Zamu zipangwe kwa saa, zisiachiwe hiari. Stima ikipotea, leteni bao au karata na muendelee na maswali yale yale.

Katika daftari lenu msiandike alama za mchezo. Andikeni nani aliomba zamu bila kunyang'anya, nani alimngoja mwenzake na nani aliomba radhi, mkampe mzazi taarifa hiyo anapokuja kumchukua mwanawe.