Uliza Gereji: Ukikanyaga breki na pedali ikazama

SWALI: Nina Toyota HiAce ya 1996, ya dizeli, inayobeba mboga kutoka Marikiti hadi Kayole. Breki zilianza kulegea mwezi uliopita. Fundi alibadilisha pedi za mbele, akaweka kalipa mbili (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) za mtumba kwa kuwa za zamani zilikuwa zimekwama, kisha akafunga masta silinda nyingine (pampu inayosukuma mafuta ya breki). Ametoa hewa kwenye mafuta ya breki mara tatu. Bado nikikanyaga mara moja pedali inakaribia sakafu. Nikikanyaga mara mbili haraka haraka inapanda na gari linasimama. Sasa anasema tununue boosta. Je, ninunue?
Msomaji, Kayole

JIBU: Hifadhi pesa zako. Boosta ni kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu; ikifa, pedali huwa ngumu kama jiwe na gari hukataa kusimama. Hailegezi pedali. Umeshalipia pedi, kalipa na masta silinda, na ugonjwa bado uko palepale, kwa hiyo kabla ya spea nyingine kununuliwa, pedali yenyewe ihojiwe. Ni kazi ya dakika kumi na haihitaji hata spana.

Zima injini. Kanyaga mara tano au sita ili nguvu ya boosta iishe, kisha kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie kwa sekunde 30. Pedali ikizama polepole chini ya mguu wako, mafuta yanavuja nje mahali fulani, au yanapita kando ya raba ndani ya masta silinda. Ikisimama imara, kanyaga tena haraka mara mbili tatu. Hapo angalia mambo mawili: imepanda kiasi gani, na huko juu ilikofika ina hisia gani. Ikipanda na kuwa ngumu kabisa, breki zina nafasi kubwa mno kati ya lainingi (vipande vya msuguano) na dramu (ngoma ya gurudumu inayozifunika). Ikipanda lakini bado inadunda kama godoro, kuna hewa. Mwisho, ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Pedali ikishuka kidogo, boosta iko hai, na mjadala wa boosta umekwisha.

Kwako tunashuku vitu viwili, na huenda vyote vipo pamoja.

Cha kwanza ni breki za nyuma. Hujataja kwamba kuna aliyefungua dramu. Gari kama lako lina diski mbele na dramu nyuma, na lainingi zinavyolika, kirekebishaji chenye meno ya nyota kinapaswa kujizungusha na kuzisogeza karibu na dramu. Kwenye gari la miaka hii, kirekebishaji hicho mara nyingi kimeganda kwa kutu na vumbi la lainingi. Matokeo yake ni kwamba mkanyago wa kwanza wote unaishia kusogeza lainingi hadi zigonge dramu, na wa pili ndio unaobana. Jaribu hivi: vuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha kanyaga. Ikiwa pedali sasa iko juu na ni ngumu, umepata jibu bila kulipa shilingi moja, kwa sababu breki ya mkono imezisogeza lainingi zilezile.

Dawa yake: inua nyuma, weka stendi chini ya ekseli, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, legeza kebo ya breki ya mkono, kisha ondoa dramu. Angalia lainingi zimebaki unene gani. Vitabu vya huduma huruhusu hadi milimita 1 hivi, ila kwa gari la mzigo sisi hatuzirudishi zikiwa chini ya 2. Kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Pima, kwa kuwa dramu iliyochongwa kupita hapo itakula kila lainingi mpya unayoiweka. Inua raba ya vumbi ya wili silinda (inayosukuma lainingi) kwa bisibisi. Ukikuta kumelowa, silinda inavuja. Usichanganye na oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inayotoka kwenye sili ya ekseli, ambayo ni nzito na inanuka. Mafuta ya breki ni mepesi, na yakidondokea rangi ya gari huibambua. Lainingi iliyolowa chochote kati ya hivyo haioshwi kwa petroli ikarudishwa, hubadilishwa pande zote mbili.

Ondoa kirekebishaji, safisha nyuzi zake kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo sana ya kustahimili joto, kisha rudisha. Ukishafunga dramu, kizungushe kupitia tundu la bamba la nyuma hadi gurudumu likatae kuzunguka, halafu kirudishe jino baada ya jino hadi lizunguke kwa mkwaruzo mwepesi. Kebo ya breki ya mkono hurekebishwa mwisho. Wanaoanza na kebo huficha tatizo kwa wiki mbili tu.

Kitu cha pili kinachotutia shaka ni hizo kalipa za mtumba. Nenda kaangalie sasa hivi skrubu ya kutolea hewa iko wapi. Lazima iwe juu ya kalipa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, mara nyingi inaingia vizuri tu, lakini skrubu inakuwa chini, na hewa haishuki kwenda kuitafuta. Mtatoa hewa mara thelathini na godoro litabaki godoro. Mkikuta hivyo, badilishaneni pande. Mkiwa hapo, vuteni pini za kalipa: zikikwama, pedi zinabana kwa mshazari, na nguvu ya mguu wako inaishia kuipinda kalipa badala ya kulisimamisha gari. Tikisa pia gurudumu juu na chini. Beringi iliyolegea inaiyumbisha diski, nayo diski inazirudisha pedi nyuma kila unapopiga kona, ndipo mkanyago wa kwanza unapokuwa mrefu.

Sasa, namna ya kutoa hewa, maana kuna makosa yanayofanyika hata kwenye gereji nzuri. Nunua lita 1 ya mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4, kulingana na maandishi ya kifuniko cha tangi lake. Kopo lililokaa wazi tangu mwaka jana lisitumike. Gari lenye usukani kulia huanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga uvalishwe kwenye skrubu, na ncha yake nyingine izame ndani ya mafuta chupani. Mmoja akanyage taratibu na kushikilia, mwingine afungue robo mzunguko, afunge, ndipo mguu uinuliwe. Tangi dogo la juu lisishuke chini ya nusu, la sivyo mnavuta hewa mpya na kuanza upya.

Weka kipande cha mbao cha sentimita 5 hivi chini ya pedali. Ndani ya masta silinda iliyozeeka, sehemu ambayo raba huwa haifiki ina kutu. Ukikanyaga hadi sakafuni, raba inaburuzwa kwenye kutu hiyo na kuchanika. Mtu anaingia gereji na hewa kidogo, anatoka na masta silinda iliyokufa, kisha anaambiwa ilikuwa siku yake. Na kama hiyo mliyofunga iliingia garini ikiwa kavu, bila kutolewa hewa kwanza mezani, hewa bado imo ndani yake.

Jambo moja linalosahaulika kwenye gari za mzigo: juu ya ekseli ya nyuma kuna vali yenye mkono, inayopima uzito na kuamua breki za nyuma zipate nguvu kiasi gani. Ukiinua gari kwa chesi na ekseli ikaning'inia, vali hudhani gari ni tupu na kubana njia ya mafuta. Ndiyo maana tumesema stendi ziwe chini ya ekseli. Ikiwa vali yako ina skrubu yake ya hewa, nayo itolewe. Na kama umeongeza majani ya springi ili ubebe magunia zaidi, nyuma imeinuka na vali inadanganywa kila siku: gari limejaa viazi, yenyewe inaona tupu, na breki za mbele zinafanya kazi yote.

Ikiwa baada ya haya yote pedali bado inadunda, bana mipira ya breki (inayopeleka mafuta magurudumuni) mmoja mmoja kwa kibanio cha mpira chenye midomo ya mviringo. Vaisi gripu (koleo la kujifunga) tupu itaukata ndani. Mpira ambao ukiubana pedali inakuwa ngumu, shida iko upande wa gurudumu hilo, au ni mpira wenyewe unaovimba.

SWALI: Tangi la mafuta ya breki linapungua kila wiki, pedali inalegea, lakini chini ya gari hakuna tone hata moja. Magurudumu nimekagua yote, makavu.
Msomaji, Githurai

JIBU: Fungua nati mbili zinazoshika masta silinda kwenye boosta, uisogeze mbele kidogo bila kukata mabomba, na upitishe kidole nyuma yake. Ukikuta majimaji, raba ya nyuma imekwisha na mafuta yanaingia ndani ya boosta. Kwenye dizeli za zamani za Toyota, pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa kutoka kwenye boosta, iko nyuma ya alteneta, kwa hiyo mafuta hayo yanaweza hata kuvutwa hadi kwenye injini, ndiyo maana huoni tone. Masta silinda ibadilishwe. Raba tupu zitafaa tu ikiwa ndani hakuna mikwaruzo wala vishimo vya kutu. Boosta ikaushwe, maana mafuta ya breki yanaidhoofisha kiwambo chake.

SWALI: Mjini breki ziko sawa. Nikiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu nikiwa na mzigo, katikati ya mteremko pedali inalegea ghafla. Nikipumzika nusu saa inarudi. Fundi hapati kosa.
Msomaji, Kikuyu

JIBU: Hatapata, kwa sababu akilipima gari limeshapoa. Mafuta yako yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa.

Badilisha yote, lita 1 inatosha, na urudie kila miaka miwili. DOT 4 inaweza kuchukua nafasi ya DOT 3. DOT 5 ni ya silikoni, usiitie wala usiichanganye. Kisha inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono, kwani kalipa inayobana bila kuachia inapika mafuta hata kabla mteremko haujaanza. Barabarani, ingia gia ya pili kabla ya kuanza kushuka, si ukiwa tayari katikati, na ubane kwa vipindi badala ya kuegesha mguu. Pedali ikilegea, pumpu haraka, shusha gia, tafuta mahali pa kusimama. Usimwagie maji diski wala dramu za moto; zitapasuka.

Na kama kuna aliyewahi kukujazia maji ya sabuni au oili ya injini kwenye tangi la mafuta ya breki "kwa dharura", chukua tone la mafuta hayo ulitie kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki huchanganyika. Yakielea, kuna oili, na oili huvimbisha raba zote. Hapo kusafisha peke yake hakutoshi: raba za masta, za kalipa, za wili silinda na mipira yote inaondoka. Maji ya sabuni hayataelea, lakini yatakuchemkia kabla hujafika kanisa dogo la Waitaliano pale chini ya mteremko.