Sanduku la Fundi: Redio inayozimika ukipaza sauti, na maswali mengine ya nyaya za volti 12

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaredio wa ridhaa, wale wa 5X (mwanzo wa majina ya mwito ya Uganda) wanaoongea na dunia kutoka kwenye veranda zao. Ukizichuja, karibu zote zinauliza jambo moja: volti zinapotelea wapi kati ya betri na redio? Tunaanza na ya Jinja kwa sababu mwenyewe ametuletea vipimo.

Redio yangu ya HF (masafa mafupi, ya kuongea mbali) ni ya wati 100. Kitabu chake kinasema inataka volti 13.8 na ampea 22. Betri ni ya sola, ya asidi, Ah 100. Nimeiweka verandani kwa sababu ya harufu, mita 8 kutoka mezani. Waya ni ule wa nyumba, 2.5 mm². Kupokea hakuna shida. Nikirusha na kuongea taratibu inakubali, nikipaza sauti inazimika na kuwaka upya. Mita mezani inasoma 12.5. Je, redio ni mbovu? (Msomaji, Jinja)

Redio ni nzima, tatizo ni waya. Hiyo 12.5 umeisoma redio ikipokea, wakati inakula ampea 1 au zaidi kidogo. Waya haudai chake mpaka mkondo upite.

Mkondo unakwenda kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi, kwa hiyo mita 8 zako ni mita 16 za shaba. Shaba ya 2.5 mm² ina ukinzani wa karibu miliomu 7.4 kwa kila mita. Mara 16 ni miliomu 118, yaani omu 0.118. Kwa ampea 1 inapotea volti 0.12 na huioni. Kwa ampea 22 zinapotea 2.6. Betri yenyewe ikibebeshwa mzigo huo huteremka hadi 12.2 hivi. Toa 2.6, redio inabaki na 9.6. Redio nyingi za aina hiyo zimeandikiwa volti 13.8 na ruhusa ya kupanda au kushuka asilimia 15. Mwisho wake wa chini ni 11.7, na chini ya hapo haina deni nawe. Kwenye SSB, namna ya kurusha sauti inayotumika sana kwenye HF, mkondo hupanda na kushuka pamoja na sauti, ndiyo maana ukinong'ona inavumilia.

Fundi wa nyumba atakuambia 2.5 mm² inabeba ampea 20 bila wasiwasi, na hasemi uongo: haitaungua. Lakini volti 2.6 zikipotea kwenye 240 hakuna anayejua, zikipotea kwenye 12 umekosa zaidi ya moja ya tano. Waya wa volti 12 huchaguliwa kwa volti zinazopotea kwanza, joto baadaye.

Wewe una nafasi ya volti 0.5 tu, kutoka 12.2 hadi 11.7. Kwa mita zako 8, waya wa 6 mm² (miliomu 3.3 kwa mita) unapoteza 1.16, wa 10 mm² unapoteza 0.67, wa 16 mm² unapoteza 0.43. Kumbe ungehitaji 16 mm², mita 16 nzima, na hiyo si fedha ndogo. Fupisha njia kabla ya kunenepesha waya. Hamisha betri iwe nje ya ukuta uleule wenye meza, ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa na kifuniko cha mvua, kisha toboa ukuta. Njia ikiwa mita 2, waya wa 6 mm² unapoteza volti 0.29 tu.

Wakati unatafuta fedha za waya, shusha nguvu hadi wati 50. Anayekusikiliza atakosa desibeli 3, nusu ya alama moja ya S (ngazi za mita ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa), na wengi hata hawatagundua.

Nimenunua kebo pacha nyekundu na nyeusi iliyoandikwa 6 mm². Ni nene, ni nyepesi, na bei ilikuwa nzuri. Ikifanya kazi dakika chache inapata joto. (Msomaji, Mbale)

Nene, nyepesi na rahisi: hizo ni dalili tatu za alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje nyuzi ni nyekundu kama shaba, ndani ni nyeupe. Menya sentimita 2, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukitokea weupe ni alumini. (Kuna pia shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo ni bora hasa kwa watu wa kando ya ziwa, usiikatae.) Sumaku haikusaidii hapa, kwani haishiki shaba wala alumini.

Mizani inasaidia zaidi. Mita moja ya shaba tupu ya 6 mm², bila plastiki, ina uzito wa gramu 53 hivi. Ya alumini iliyopakwa shaba inacheza kwenye gramu 20 na kitu. Tofauti hiyo hata mizani ya jikoni inaiona.

Kisha hesabu nyuzi, kwa sababu maandishi ya nje si ushahidi. Kebo laini ya kweli ya 6 mm² huwa na nyuzi 84 zenye kipenyo cha milimita 0.30. Huna kipimo cha kipenyo? Zungusha uzi mmoja mara 20 juu ya msumari, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha weka rula. Ikichukua milimita 6, uzi ni 0.30. Ikichukua milimita 4, uzi ni 0.20, na hapo nyuzi 84 zinakupa 2.6 mm² tu, plastiki ndiyo iliyojaza unene.

Kama ni alumini ya unene wa kweli, ihesabu kama shaba ya 4 mm² na uiache kwenye taa za LED. Kwa redio ya ampea 22 hatuishauri hata ikitosha kwa hesabu. Alumini hulegea ndani ya lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya) kadiri inavyopata joto na kupoa, unyevu huila pale ilipokatwa, na solda haishiki vizuri.

Shaba ya uhakika mara nyingi ipo mahali watu hawaitafuti. Kebo ya mashine ya kuchomelea, ile ya raba nyeusi yenye nyuzi nyembamba kama nywele, ni laini na hupatikana kwa 16 mm² na 25 mm². Waulize wachomeleaji wa Katwe, Kampala, wananunua wapi. Nayo ikwangue kwanza.

Pikapu yangu ina redio ya VHF ya wati 50. Kebo iliyokuja nayo ina fyuzi mbili, nyekundu na nyeusi. Fundi amesema ya mweusi ni ya bure, akaitoa. Ya mwekundu iliungua, akaweka uzi wa waya. Na je, naweza kuchomeka tu kwenye tundu la kiberiti? (Msomaji, Gulu)

Uzi wa waya utoke leo. Fyuzi haipo kulinda redio, ipo kulinda gari lisiwake moto. Betri ya gari ikipata njia fupi hutoa mamia ya ampea. Ganda la waya mwekundu likichubuka kwenye ukingo wa bati, kitu cha kwanza kuyeyuka kinapaswa kuwa fyuzi, la sivyo ni waya wenyewe, chini ya kapeti. Ndiyo maana fyuzi hukaa karibu na betri, ndani ya sentimita 20, wala si nyuma ya redio. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kwa redio yako fyuzi ya 15 inatosha, kwa ya HF ya wati 100 weka 25.

Ya mweusi nayo si ya bure. Injini imefungwa kwenye hasi ya betri kwa mkanda mnene. Mkanda huo ukilegea au ukiliwa na kutu, mkondo wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na waya mweusi wa redio yako ni mojawapo. Fyuzi ndiyo inayoukatalia. Ila kama gari ni la kisasa na kichwa cha hasi kina kisanduku kidogo cha kupima mkondo, usifunge mweusi juu ya betri. Ufunge kwenye bodi, pale waya wa hasi wa betri unapoishia, ili kipimo kisidanganywe.

Tundu la kiberiti: hapana. Wati 50 zinataka ampea 10 hadi 13, nyaya za tundu ni nyembamba, na ile springi ya katikati inagusa kwa ncha tu. Redio ya mkononi sawa.

Mnapopitisha kebo kwenye ukuta wa injini, tumieni tundu lenye raba au mtoboe na kuweka raba. Bati tupu na barabara za murram ni msumeno. Kaeni mbali na bomba la moshi, na fungeni kebo kila baada ya sentimita 30. Mwisho wa waya ubanwe kwa lagi na koleo lake la kubania, si kwa koleo la kawaida wala nyundo. Ukishabana, vuta kwa nguvu ya mkono. Ikichomoka, bora imechomoka sasa. Solda peke yake kwenye gari haidumu: hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama fimbo, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokata.

Lori langu lina betri mbili, volti 24. Nichukue 12 kutoka betri moja? (Afande mstaafu, Bombo)

Afande, usifanye hivyo. Altaneta inaona jumla ya betri mbili, haijui kwamba moja inanyonywa. Unayoichukulia itabaki na njaa, ya pili itajazwa kupita kiasi, na baada ya muda utanunua zote mbili. Weka kibadilishi cha kushusha 24 kuwa 13.8, chenye ampea 30 kwa redio ya HF, na fyuzi upande wa kuingilia. Faida yake ni kwamba waya mrefu ukiwa upande wa 24, mkondo wake ni karibu nusu, kwa hiyo kiweke karibu na redio.

Nimetumia plagi na soketi za ukutani za pini 3 kwa nyaya zangu za volti 12. Ni imara na zipo kila duka. Kuna ubaya? (Msomaji, Mbarara)

Upo, nao ni siku mgeni atakapoichomeka redio ukutani kwenye 240. Zitoe zote. Tumia Powerpole au XT60, viunganishi vilivyotengenezwa kwa nyaya za volti ndogo. Powerpole za ampea 15, 30 na 45 zina ganda moja, zinatofautiana chuma cha ndani. Kwa waya wa 6 mm² chukua cha 45. Ukizipanga, tazama upande unaochomekwa, ulimi ukiwa juu, nyekundu iwe kulia. Ukifuata mpangilio huo, kebo yako itaingia kwenye redio ya mwenzako bila kugeuza chanya na hasi. Na kwa kuwa nyumba nyingi za zamani zina nyekundu na nyeusi kwenye umeme wa ukutani, andika "12V" kwenye tepu nyeupe, ncha zote mbili.

Waya ni mnene na mfupi, bado redio inapepesa taa nikirusha. Kiungo kibovu nakijuaje? (Msomaji, Kasese)

Kwa mita ya kawaida na mtu wa kushika kibonyezo. Funga redio kwenye mzigo bandia (kikinzani kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani) badala ya antena, maana mawimbi ya antena iliyo karibu huivuruga mita. Weka FM au CW (ya Morse), ambazo nguvu yake haipandi na kushuka na sauti, nguvu kamili, na rusha kwa sekunde 10 kila mara.

Pima kwanza betrini, kisha nyuma ya redio. Tofauti ndiyo yote iliyopotea. Sasa weka mita kwenye kipimo cha volti 2. Ncha moja iguse kichwa cha risasi cha betri, si kishikio chake. Nyingine iguse kishikio. Inapaswa kusoma milivolti chache. Ikizidi 50, hapo pana uchafu. Endelea hivyo kwenye njia ya mwekundu: kishikio hadi kitako cha fyuzi, upande mmoja wa fyuzi hadi wa pili (chini ya milivolti 100 ni sawa), kiungo kwa kiungo hadi redioni. Rudia kwa mweusi, ambao watu huusahau.

Kitako cha fyuzi ndicho mshukiwa wa kwanza. Kikipoteza volti 0.5 kwa ampea 22, hizo ni wati 11 ndani ya kitu kidogo kama kidole gumba, karibu joto la chuma kidogo cha solda. Plastiki iliyogeuka kahawia au kukunjika inakuambia kabla ya mita. Usibadilishe fyuzi peke yake, badilisha na kitako, maana midomo yake imeshapoteza springi.

Kama ni kichwa cha betri chenye unga wa kijani au mweupe, chomoa hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuoka, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa. Futa, sugua risasi na kishikio hadi ving'ae, funga chanya kisha hasi, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu yake.