Kindle, Kobo au tableti? Anza na PDF zako

Ndugu, nimekuelewa: usiku unasoma riwaya, mchana una PDF za masomo, na simu inakuumiza macho, ndiyo maana unauliza ununue kisomeo cha vitabu, yaani Kindle (ya Amazon) au Kobo, ama tableti.

Hizo PDF ndizo zitakazoamua. Ukurasa wa A4 kwenye kioo cha inchi 6 unageuka herufi za sisimizi. Utakuza, utasogeza kulia, utarudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, na kufika ukurasa wa tatu umeshachoka. Kama ni nyingi kuliko riwaya, tafuta kisomeo cha wino wa kielektroniki (kioo kinachoonekana kama karatasi) chenye inchi 10 na kuendelea, ingawa bei yake inauma. Kwa riwaya tu, inchi 6 au 7 zinatosha, tena unakishika kwa mkono mmoja umelala. Tableti mimi ningeiacha. Kioo chake kinang'aa kama cha simu, na meseji hazitakuacha usome.

Halafu aina ya mafaili. Kobo inafungua EPUB, aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu vya kidijitali, moja kwa moja. Kindle haiisomi ukiihamisha kwa waya. Unaituma kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma mafaili, nayo inaibadilisha. Angalizo: vitabu vya kununua mara nyingi huwa na kufuli ya kidijitali, havihami kirahisi kwenda kifaa cha kampuni nyingine. Kwa hiyo chagua duka la vitabu kwanza.

Nafasi ya kuhifadhi isikusumbue, GB 16 zinabeba maelfu ya riwaya. Ukinunua kilichotumika, hakikisha anayekuuzia ameshaondoa akaunti yake.

Na kama macho yanauma hata kwenye karatasi, muone daktari wa macho kabla hujatoa hela.