Kuhamisha, kupakia au kunakili mafaili?

SWALI: Katika mwongozo wa mafundi wetu niliandika, "Kila usiku hamisha mafaili kwenye seva ya akiba." Mwenzangu anasema neno sahihi ni "pakia". Nani amepatia?

JIBU: Hakuna aliyepatia, ingawa mwenzako ana haki ya kulitilia shaka hilo "hamisha". Mtu akihama nyumba, kule alikotoka hayupo tena. Mafaili nayo yakihamishwa, yameondoka. Fundi anayefuata mwongozo neno kwa neno atabaki na nakala moja tu, ile ya mbali, na hapo akiba haipo tena. Mnachofanya ni kunakili.

"Pakia" hutegemea msemaji yuko upande gani. Mafaili yaleyale, kwa aliye kwenye seva kuu yanapakiwa. Kwa aliye upande wa akiba yanapakuliwa. Na huenda fundi wenu yuko kwingine kabisa.

Kasoro inayonisumbua zaidi nyote wawili hamkuigusa: "kwenye". Neno hili halionyeshi mwelekeo, huuachia kitenzi. "Toa kwenye seva" na "weka kwenye seva" hazimchanganyi mtu, kwa kuwa kutoa na kuweka vina mwelekeo wake. Kunakili hakuna. Ukiandika "nakili mafaili kwenye seva ya akiba", mmoja ataelewa ayapeleke huko, mwingine ayachukue huko, na wote watakuwa wamesoma Kiswahili sawasawa.

Kwa kazi hii utata huo ni hatari. Programu ya rsync, inayonakili mafaili kutoka mahali pamoja hadi pengine, hutajiwa chanzo kwanza, kisha mafaili yanakokwenda. Ukiongeza chaguo la --delete, kila kilichopo yanakokwenda na hakipo kwenye chanzo hufutwa. Fundi akigeuza pande hizo siku ambayo folda ya akiba bado ni tupu, folda ya seva kuu nayo itakuwa tupu.

Andika hivi: "Kila usiku nakili mafaili kutoka seva kuu kwenda seva ya akiba." Mpangilio wa maneno hapo unafuata ule wa amri ya rsync yenyewe. Siku ya kuyarudisha tumia "rejesha", tena kwa kutaja pande zote mbili. Mkipenda "hadi" badala ya "kwenda", sina ugomvi.

Jambo dogo: kwa kuwa mmechagua "mafaili", umoja wake uwe "faili hili", si "faili hii".