Kuomba shule ya udaktari wa meno Marekani ukiwa na kazi, ndoa na watoto: anzeni na kalenda

Dada, umeuliza kama uombe mwaka huu au usubiri. Una kazi ya kutwa, mume, watoto wawili wadogo, na shahada ya biolojia uliyoipata miaka minane iliyopita. Jibu langu: kama huwezi kutuma maombi yaliyokamilika Juni, au ukichelewa sana Julai, subiri. Akili unayo. Kinachomkwamisha mwenye familia ni saa, na saa hazipatikani kwa kujikaza peke yako usiku. Zinapangwa na mwenzako mezani, kabla hujalipa ada yoyote.

Shule nyingi za meno hupokea maombi kupitia AADSAS, mfumo wa pamoja wa kuomba shule nyingi kwa fomu moja. Texas ina mfumo wake, TMDSAS. AADSAS hufunguliwa Mei na maombi huanza kutumwa mwanzoni mwa Juni, kwa ajili ya kuingia darasani mwaka unaofuata. Shule hazisubiri maombi yote yafike ndipo zichague. Zinasoma na kuita watu kwenye usaili kadiri yanavyoingia, na majibu ya kukubaliwa huanza kutoka Desemba 15. Kwa hiyo ukiona shule imeandika kwamba mwisho wa kupokea maombi ni Desemba au Januari, usiifanye hiyo kuwa tarehe yako. Anayetuma Novemba analipa ada ileile kugombea viti vilivyosalia.

Sasa hesabu kurudi nyuma. DAT, yaani mtihani wa kuingia shule ya meno, ufanywe kabla ya mwisho wa Mei, ili matokeo yawe tayari maombi yanapoingia. Kwa mtu aliyekaa miaka minane bila kushika kemia, nakadiria saa 300 za kusoma. Asubuhi tano kwa wiki, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili watoto wanapoamka, ni saa saba na nusu. Ongeza saa nne na nusu za Jumamosi: jumla saa 12 kwa wiki, yaani wiki 25. Kisha ongeza wiki nne za homa, mafua na shule kufungwa, maana zitakuja tu. Unaanza mapema Novemba. Ukianza Februari ukitegemea kwamba hakuna mtoto atakayeugua, mpango umeshavunjika kabla hujafungua kitabu.

DAT yenyewe ina sehemu nne. Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ya kaboni 30. Inafuata sehemu ya kuona maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Baada ya mapumziko kuna ufahamu wa kusoma, maswali 50 kwa dakika 60, halafu hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Tangu Machi 2025 alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600, kwa hiyo ushauri wa zamani unaotaja alama za 1 hadi 30 hauendani tena na karatasi yako ya matokeo.

Sehemu ya maumbo ndiyo wenye watoto wanaweza kuimudu vizuri, kwa sababu inajengeka kwa dakika 20 za kila siku, hata ukiwa umechoka. Chukua maswali ya karatasi iliyotobolewa. Karatasi inakunjwa mara moja hadi tatu, inatobolewa, nawe unaulizwa matundu yatakuwa wapi ikikunjuliwa. Usijaribu kuiona kichwani. Chora vidoti 16, vinne kwa vinne, weka alama penye tundu, kisha kunjua kuanzia mkunjo wa mwisho: kila tundu linaakisiwa upande wa pili wa mstari wa mkunjo, lakini tundu lililopita mahali ambapo mkunjo huo haukufunika haliakisiwi. Ukizoea, swali moja linaisha ndani ya sekunde 20, na muda unaobaki unautumia kwenye maswali ya kulinganisha pembe, ambayo hayana njia ya mkato ya kutegemewa.

Kosa linalowaangusha wazazi ni jingine. Wamesoma miezi yote kwa vipande vya dakika 90, halafu siku ya mtihani wanakaa zaidi ya saa nne. Wanafika kwenye ufahamu wa kusoma akili imeshazima. Fanya majaribio kamili yasiyopungua matano, maktaba, simu imezimwa, mume ana watoto, na mmekubaliana kwamba hakupigii isipokuwa kuna dharura ya hospitali.

Saa za kumfuata daktari wa meno kliniki na kutazama kazi yake, lenga 100, na nyingi ziishe kabla ya Novemba. Ukizichanganya na maandalizi ya DAT, Jumamosi ileile italiwa na mambo mawili. Omba likizo ya nusu siku kila wiki mbili, nenda pia kwa daktari wa meno wa jumla, si wa kunyoosha meno tu, na andika kila mara siku hiyohiyo: tarehe, saa, jina la daktari, ulichokiona. Mwaka mmoja baadaye hutakumbuka.

Kuhusu masomo, kagua kila shule moja moja. Kwa kawaida zinataka biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, kila moja krediti 8 pamoja na maabara, na nyingi zinaongeza biokemia. Baadhi hazikubali masomo ya zamani mno au maabara ya mtandaoni. Kozi moja ya biokemia ya jioni inakutatulia mambo mawili kwa mpigo: inaonyesha bado unaweza darasani, na inakupa mwalimu wa sayansi anayekufahamu sasa. Barua ya profesa ambaye hata sura yako ameisahau haina uzito. Ukirudia kozi uliyopata D, ujue AADSAS inahesabu alama zote mbili kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako. A mpya haifuti ya zamani.

Transkripti, yaani orodha rasmi za alama zako, zinatoka kwenye kila chuo ulichowahi kusoma, hata kile ulichochukua kozi moja tu wakati wa kiangazi. Na kama ulibadili jina ulipoolewa, hapa pana mtego. Transkripti ina jina la kwa baba, kitambulisho kina jina la ndoa. Andika majina ya zamani kwenye maombi, na jina la kujiandikishia DAT lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi, la sivyo utarudishwa mlangoni. Baada ya kutuma, uhakiki wa AADSAS wenyewe unaweza kula wiki kadhaa.

Insha ni herufi 4,500 pamoja na nafasi. Watoto wapewe sentensi mbili, tatu. Msomaji anataka kujua kwa nini meno. Kwenye usaili ukiulizwa utamudu vipi, toa ratiba: nani anapeleka watoto, nani anachukua, nani anasimama akiugua. Kusema tu kwamba unajituma hakumjibu aliyeuliza.

Fedha ndizo zinazovunja ndoa, kwa hiyo zungumzeni mapema. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, mikopo ya serikali ya shirikisho kwa shule za aina hii ina ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ile iliyokuwa ikiziba pengo imeondolewa. Shule nyingi za binafsi zinazidi dola 100,000 kwa mwaka ukijumlisha na maisha. Ndiyo maana shule ya umma ya jimbo mnaloishi iwe ya kwanza kwenye orodha, hata kama jina lake si kubwa. Mkihamia jimbo jingine, ukaazi unaokupa ada nafuu ya wenyeji kwa kawaida hudai miezi 12. Kwa raia wa Marekani upo ufadhili wa jeshi wa HPSP na ule wa NHSC, wa serikali kwa wanaokwenda kuhudumu maeneo yenye uhaba wa madaktari, unaolipia masomo na kutoa posho, nawe unarudisha kwa miaka ya utumishi. Kabla hujausaini, mume ajue kwamba mahali pa kuishi hamtachagua kwa uhuru. Waulize pia watu wa mikopo shuleni waongeze gharama ya malezi ya watoto kwenye bajeti yako. Hawafanyi hivyo mpaka uombe.

Usiache kazi ukiwa bado unasubiri majibu. Lipa kwanza amana ya kushikilia nafasi, kisha hakikisha watoto wamehamia kwenye bima ya mume kabla siku yako ya mwisho kazini haijafika, kwa sababu bima ya shule haibebi familia kila mahali, na ukipoteza bima una siku 30 tu, kwa waajiri wengi, za kujiunga na ya mwenzako.