Maswali ya Wasomaji: Filta za Spika za Gari

Swali, Ndosho, Goma: Fundi, salamu. Teksi yangu ina spika za mlangoni za omu 4 na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za omu 4. Ndani ya mwezi mmoja twita mbili zimeungua. Muuzaji alinipa kondansateri ya mikrofaradi 47 akisema kubwa ndiyo inachuja vizuri. Kosa liko wapi?

Jibu: Liko kwenye hiyo 47. Kondansateri (wenzetu wa Kenya na Tanzania huiita kapasita) iliyofungwa mfululizo na twita, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyoachia besi zaidi. Chukua 159,000, gawanya kwa omu za twita, kisha kwa mikrofaradi. Jibu ni hezi (mitetemo kwa sekunde) ambapo mchujo unaanzia: sauti za chini ya hapo zinazuiwa. Kwako: 159,000 kwa 4 ni 39,750, kwa 47 ni kama hezi 850. Twita ndogo ya gari haina kazi huko. Kuba lake linasukumwa mwendo mrefu kuliko uwezo wake, waya wake mwembamba kama unywele unapata moto, unakatika.

Weka mikrofaradi 10, mchujo uanzie karibu hezi 4,000. Kama unapenda kufungulia sauti sana, shuka hadi 6.8, utafika 5,800 hivi. Naam, ndogo ndiyo inayolinda.

Chagua isiyo na upande wa kutoa wala kujumlisha, ya volti 100. Volti 50 inatosha kwa redio ya gari isiyo na amplifaya. Ile yenye mstari wa alama za kutoa ubavuni ni ya umeme unaokwenda upande mmoja tu. Muziki huenda na kurudi, hivyo itachoka, pengine ivimbe kabisa. Ukizunguka Birere ukakosa ya kufaa, nunua mbili za mikrofaradi 22 zenye alama, uunganishe kutoa kwa kutoa, utumie miguu miwili iliyobaki. Thamani inakuwa nusu, yaani 11, na inafaa. Kwa barabara zetu za mawe ya volkano, usiiache ining'inie kwa miguu yake: ifunge kwa silikoni au kamba ya plastiki, la sivyo mguu utakatika pale ulipochomelewa.

Swali, Kadutu, Bukavu: Filta yangu ilikuwa safi: kondansateri ya 10 kwa twita, bobini (waya uliosokotwa, unaozuia sauti nyembamba) ya milihenri 0.16 kwa spika ya mlango, zote za omu 4. Nimeongeza twita ya pili sambamba na ya kwanza, na sasa waimbaji wamekuwa kama wanaimba nyuma ya pazia. Kwa nini?

Jibu: Twita mbili za omu 4 sambamba ni omu 2. Fanya hesabu ileile: 159,000 kwa 2 kwa 10, karibu 8,000. Bobini bado inakata spika ya mlango kwenye 4,000. Katikati umebaki na shimo, na humo ndimo zinamokaa s, sh na ch za mwimbaji, na ukali wa nyuzi za gitaa la solo. Mikrofaradi 20 ingeziba shimo, lakini redio nyingi za gari hazitaki mzigo chini ya omu 4. Zifunge twita mfululizo, ziwe omu 8, na kondansateri ya 4.7. Zitapoa sauti kidogo. Mimi ningeitoa tu hiyo ya pili.

Swali, mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Nimesokota bobini ya 0.16 juu ya bolti nene ya chuma, mizunguko 85. Sauti ya spika imefifia na nikifungulia inakwaruza.

Jibu: Bolti ndiyo inayokuharibia. Chuma kinapandisha milihenri mbali na ulichopiga hesabu, kinakula nguvu, na sauti ikipanda kinashiba, ndiyo mikwaruzo hiyo. Kitoe. Tumia kipande cha tiyo ya PVC chenye kipenyo cha nje milimita 25, na visahani viwili vya plastiki au mbao vilivyoachana milimita 20. Waya uwe wa kusokotea mota, milimita 1. Nunua mita 9. Mizunguko 85 inaingia kwa tabaka tano, 18 hivi kila tabaka, ikibanwa vizuri. Paka vanishi, kisha uiweke mbali na bati la mlango angalau sentimita tano.

Kabla ya kuchomelea, kwangua vanishi ncha zote mbili mpaka shaba ing'ae pande zote; bobini nyingi "mbovu" zinazorudishwa zina tatizo hilo tu. Kisha pima: inatakiwa kusoma omu 0.2 hivi. Mita ikikuonyesha 0.5, gusisha kwanza nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe, usome, halafu utoe kiasi hicho kwenye 0.5.