Zaka kwanza au deni la dukani?
Dadaangu umeuliza utoe zaka kwanza au ulipe deni la dukani na ada ya skuli, mie naona usijitese bure, Kanisa letu Katoliki halijaweka lazima asilimia 10, Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho yetu, namba 2043 inasema waamini wachangie mahitaji ya Kanisa kila mtu kwa uwezo wake. Na mwenye duka nae ana watoto, kumlipa ni haki yake. Sie mshahara ukiingia tunakaa na mume wangu usiku hela zote mezani, yake na yangu, hakuna kufichana, tunatoa ya chakula, umeme, upatu, halafu bahasha ya misa pale kanisani Minara Miwili hata ikiwa elfu mbili. Mumeo mwambie hilo deni leo leo, asije akalisikia sokoni Darajani.